Kamba wa Babu Ditram

Babu yangu, Ditram Komba, ni mtu wa kuaminika. Akikwambia mvua itanyesha, ingiza mahindi yako ndani. Akikwambia ng'ombe fulani mgonjwa, usimnunue. Lakini kijiji kizima cha Masanze kilikuwa kimekubaliana kwamba kuna jambo moja ambalo mzee huyu asiaminiwe hata akiapa, nalo ni kamba.

Si kamba za kufungia mbuzi. Nazungumzia kamba wa baharini, wale wenye miguu mingi na sharubu ndefu kuliko mwili. Babu alikuwa akisema kwamba mwaka themanini na nane na themanini na tisa, shamba la mkonge lilipopunguza watu, aliwaacha mke na watoto akaenda Dar es Salaam, na huko akapata kazi kwenye meli ya kuvua kamba. Misimu miwili alikaa majini, mbele ya midomo ya mto Rufiji, meli ikikokota wavu mkubwa kama kiwanja cha mpira.

Sasa, Masanze haina bahari. Ina mahindi, ina mpunga, ina ufuta, na mvua zikizidi ina mafuriko. Samaki tunaowajua ni kambale, perege, na dagaa wa kwenye gunia. Mtu akikaa hapo akasema amewahi kusimama ndani ya kamba hadi magotini, watu watamsikiliza kwa furaha sana, na hakuna atakayemwamini.

Jina nalo halikumsaidia. Vijana wakisema fulani "anapiga kamba" wana maana anadanganya. Na yeye ni Komba, Mngoni ambaye baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge Kimamba, na mkonge ndio unaotoa katani ya kusokotea kamba. Ilikuwa kama amezaliwa ili ataniwe.

Mtani mkuu alikuwa Babu Abubakari, fundi baiskeli wa pale njia panda ya zahanati. Huyu si babu yangu wa damu. Ni Msagara wa hapa hapa, ambaye wazee wake walizikwa Masanze kabla reli haijafika Kilosa, na ni rafiki wa babu yangu tangu walipocheza mpira pamoja, mmoja beki na mwingine kipa wa kufungwa. Kila siku saa tisa alasiri, babu alikwenda kukaa kwenye benchi la karakana ile, na kila siku aliondoka akiwa ametaniwa vya kutosha hadi kesho yake.

"Kamba wote tuliowavua walikuwa wanapelekwa Ulaya," babu alisema siku moja nikiwapo.

Babu Abubakari alinyoosha spana upande wa barabara ya Mikumi. "Ulaya hii?"

Mgeni lazima aelezwe kwamba hapo njiani, kati ya kwetu na Mikumi, kuna mahali panaitwa Ulaya. Pana soko, pana msikiti, pana kanisa.

"Ulaya nina shemeji zangu wawili," Babu Abubakari akaendelea, bila kucheka. "Wananiambia kila kinachoshushwa pale. Saruji nimesikia. Magodoro nimesikia. Kamba bado."

Siku nyingine alimwambia, "Wewe ukivuka Mto Miyombo juu ya gogo unanishika shati na kufumba macho. Huko baharini ulimshika nani?"

Babu alicheka pamoja nao. Alikuwa na jibu moja la kufungia mazungumzo, ambalo alilitoa huku akijipapasa tumbo: "Bisheni mtakavyo. Mimi nilikula kamba mpaka nikaanza kuwaota." Na hilo, cha ajabu, hakuna aliyelibishia. Meli walibisha, wavu walibisha, tani walibisha. Kula waliona ni jambo la kawaida. Mtu atakaaje na chakula misimu miwili asikile?

Mambo yaliharibika siku afisa uvuvi alipokuja kutoka wilayani. Sikuwapo, lakini bibi yangu Gaudiosa alikuwapo, na bibi akisimulia haachi kitu. Afisa alikuwa dada mmoja mpole anaitwa Yusrah, mtu wa Pwani, aliyekuja kufundisha watu kuchimba mabwawa ya samaki. Wakakusanyika darasani. Dada Yusrah akauliza kama kuna mwenyeji mwenye uzoefu wowote wa uvuvi, ili awe kiongozi wa kikundi.

Babu akasimama. Bibi anasema alikuwa amevaa shati la kanisani, na hiyo ndiyo iliyomfanya ajue kwamba alikuwa amejiandaa tangu asubuhi.

"Mimi nimefanya kazi meli ya kamba," babu akasema.

Kutoka dawati la nyuma ikaja sauti ya Babu Abubakari, taratibu, kama mtu anayesahihisha daftari: "Ya katani."

Darasa zima likaangua kicheko. Hata Dada Yusrah alicheka, kisha akaona haya, akataka kumpa mzee heshima yake. "Mzee wangu," akamwambia, "hapa wengi hawajawahi kuwaona kamba. Hebu waeleze wanaandaliwaje, mpaka wanafika mezani."

Bibi anasema babu alifunga kifungo cha shingoni cha shati lile. Kisha akasema, "Unawaparua magamba, kama perege. Halafu unawachemsha saa moja."

Dada Yusrah aliinamisha kichwa. "Magamba ya kuparua hawana, mzee wangu," akasema kwa upole. "Na ukiwachemsha saa moja, utatafuna raba."

Safari hii kicheko kilikuwa kirefu zaidi. Babu akaketi. Mkutano ulipokwisha alipita njia ya nyuma ya shule akaenda nyumbani, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwenye karakana ya baiskeli.

Wiki mbili baadaye bibi alinipigia simu. Mimi ni mpishi kwenye loji moja ya wageni Mikumi, karibu na hifadhi.

"Happiness, mume wako amenuna," akaniambia. Kwetu babu na mjukuu ni watani, hivyo mimi ni mke mdogo na yeye bibi ni mke mwenzangu. "Njoo umchukue. Mimi nimemchoka."

"Amenuna tangu lini?"

"Tangu ile siku ya samaki. Anapukuchua mahindi kutwa nzima. Mahindi yakiisha ananiangalia kama mimi ndiye niliyeyamaliza."

Nilicheka, lakini nilipokata simu sikujisikia vizuri. Nilipokuwa darasa la nne nilimpiga mwenzangu kwa ajili ya kamba wa babu. Aliniita mjukuu wa mwongo. Nilichapwa fimbo na mwalimu, na sikuwa na uhakika hata kidogo kwamba nilikuwa natetea ukweli.

Wiki ile ile, loji ilikuwa na kundi la wageni walioagiza kamba kwa chakula chao cha mwisho. Tuliagiza kwa mfanyabiashara wetu wa Dar es Salaam, dada anaitwa Tumwagile, naye akatuma boksi zima kwa basi, kamba wabichi waliolazwa kwenye barafu. Boksi lilifika mchana. Wageni walikuwa wameondoka asubuhi. Mmoja wao aliugua, wakaamua warudi wote. Meneja wetu, Nickson, alilizunguka boksi mara mbili, akafungua friza, akaona imejaa nyama, akasema wapishi tugawane, mambo ya hasara atayazungumza yeye na wenye loji.

Mwenzangu Kasiani ni Msabato. Alilitazama fungu lake kwa mbali, mikono nyuma. "Hao Maandiko yamenikataza," akasema. "Chukua na langu. Ila usinisimulie walivyokuwa watamu."

Nikawa na kilo tatu kasoro. Niliwapanga kwenye deli la plastiki, barafu chini, barafu juu, nikaomba ruhusa ya siku mbili, na asubuhi nikapata lifti ya gari la mchele lililokuwa linarudi Kilosa.

Nilishukia njia panda ya zahanati. Babu Abubakari alikuwa anapaka solusheni kwenye mpira wa baiskeli. Benchi lake lilikuwa tupu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wa baharia." Alisema hivyo kwa mazoea, halafu akaonekana kujutia. Akabandika kiraka, akakibonyeza kwa dole gumba muda mrefu kuliko kinavyohitaji. "Hajambo huko?"

"Hujaenda kumwona?"

"Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza bibi yako aliniambia amelala. Saa nne asubuhi. Mara ya pili akaniambia yuko shamba, na mimi naiona miguu yake chini ya pazia."

"Njoo leo saa saba, ule na sisi."

"Nije na kisingizio gani?"

"Njoo na njaa," nikamwambia.

Babu nilimkuta uani, kwenye kigoda, kati ya rundo la magunzi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mume wangu," akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Umekuja kumwangalia mwongo?" akauliza.

"Nimekuja kumpikia. Lakini kwanza nataka unisaidie. Kuna vitu humu sivielewi."

Nikaliweka deli mbele yake, nikafungua kifuniko. Harufu ya bahari ilitoka, ile harufu ya chumvi na baridi, na kuku wa bibi wakasogea wote kwa pamoja. Babu aliweka gunzi chini. Akafuta mikono kwenye suruali, mara mbili, kisha akaingiza vidole kwenye barafu akamtoa mmoja, akamshika mgongoni na kumgeuzia juani, mpaka mwanga ukapenya kwenye mwili wake.

"Hawa ni weupe," akasema. Sauti yake ilikuwa nyingine, ya mtu aliye kazini. "Wa Rufiji, au karibu na hapo. Wanakulia kwenye mikoko, wakikomaa wanatoka nje, na sisi tunawasubiri. Huyu jike. Huyu dume." Akamchukua wa tatu, akamkagua shingoni. "Wana siku tatu. Aliyewaweka barafu anajua kazi. Angechelewa, hapa pangeanza kuwa peusi."

Mimi napika kamba kila mwezi, na sikujua kumtofautisha jike na dume.

"Hodi," sauti ikaita kutoka upande wa barabara.

Babu Abubakari aliingia akiwa amebeba pampu ya baiskeli, ingawa nyumba ile haina baiskeli. Bibi akamkaribisha, akampa kiti na kikombe cha chai. Babu yangu hakumtazama. Alivuta sufuria karibu, akaweka deli kati ya miguu, akaanza kazi.

Nimewaona wapishi wengi. Sijawahi kuona mikono kama ile. Alichukua kamba wawili kwa mpigo, mmoja kila mkono, dole gumba likaingia nyuma ya kichwa, likasukuma, na kichwa kikaruka. Wawili, wawili, wawili. Vichwa kushoto, miili kulia. Wala hakuwa anatazama; alikuwa anatazama mpapai wa jirani. Na mikono ile ilikuwa inawatenga kwa ukubwa, wakubwa sufuria hii, wa kati ile, wadogo kwenye kifuniko, bila kukosea hata mmoja. Kilo tatu zile ziliisha kabla chai ya mgeni haijapoa.

Babu Abubakari alikuwa amesimama. Pampu ameiegemea kama fimbo.

"Bwana Komba," akasema.

"Naam."

"Hiyo mikono imejifunza wapi?"

"Kwenye katani," babu akajibu.

Bibi alijifunika mdomo kwa kanga. Babu Abubakari aliketi polepole, akailaza pampu miguuni pake.

"Nisamehe kwa ile ya darasani," hatimaye akasema.

"Ile yako ilikuwa nzuri," babu akasema. "Ningekuwa wewe ningeisema. Iliyoniuma ni ile ya magamba, na hiyo niliisema mwenyewe."

Niliingia jikoni. Wakubwa niliwakaanga na kitunguu saumu, limao na pilipili kidogo, dakika tano tu, mpaka wakajikunja na kuwa wekundu. Wa kati niliwatia kwenye mchuzi wa nazi. Bibi alipika wali. Nilipoleta sinia mkekani, bibi aliinama akawachunguza kwa mashaka.

"Ndio hawa mliowagombania miaka yote? Mbona ni panzi."

"Panzi wa heshima," nikamwambia.

Babu Abubakari akasema bismillahi, akachukua mmoja, akamtia mdomoni pamoja na ganda na mkia. Alitafuna kwa sauti ya mtu anayekula muwa mkavu. Bibi alinitazama nilivyomenya, akamenya, akaonja. Kisha akavuta sinia upande wake kidogo, kama vile anaona tu lilikuwa limekaa vibaya.

Babu alikuwa ameshika kamba mmoja kwa mkia. Alimgeuza huku, akamgeuza huku.

"Kula," bibi akamwambia. "Wewe si ndiye uliyekuwa unawaota?"

"Kuwaota niliwaota," babu akasema. Akamrudisha kwenye sahani. "Kula sijawahi."

Tukaacha kutafuna, hata Babu Abubakari.

"Mfanyakazi alikuwa haruhusiwi," babu akaendelea. Alikuwa anazungumza na sahani. "Kila kamba aliyetoka baharini alikuwa na boksi lake. Sisi tulikula ugali na vile visamaki vilivyonaswa kwa bahati mbaya. Nilikuwa na rafiki, Ashrafu, kijana wa Kilwa Kivinje. Yeye kwao kamba ni mboga tu, amekulia humo. Aliponisikia sijawahi kuonja alicheka siku nzima. Akaniambia, Komba, utarudi kwenu bara useme ulikuwa unavua kitu usichokijua ladha? Siku moja akawaficha sita kwenye buti la mpira, akashuka chumba cha injini, akawatia kwenye kopo na maji kidogo, akaliweka juu ya bomba la moto. Akaniita. Tulikaa pale tunaliangalia kopo kama watoto wanaosubiri maandazi."

Bibi akasema, "Enhe."

"Halijachemka, msimamizi akaingia. Akauliza, wa nani hawa? Ashrafu akasema, wangu. Msimamizi akanigeukia. Na wewe ulijua? Nikasema sijui lolote. Nimepita tu."

Kuku mmoja alikuwa anadonoa vichwa vya kamba karibu na jiko. Hakuna aliyemfukuza.

"Tuliporudi Dar wakamshusha. Hakulipwa hata siku zilizobaki. Akiwa anateremka ngazi alinipungia mkono, hivi, kama mtu anayekwenda sokoni na atarudi jioni. Hakuwa na kinyongo. Ingekuwa heri angekuwa nacho. Nikamaliza msimu, nikaacha kazi, nikarudi. Siku ya kwanza tu kwenye benchi lako, Abubakari, uliniuliza, kamba wana ladha gani? Ningesema sijui, ungeniuliza kwa nini. Na darasani, nilipoulizwa mapishi, nilichokijua ni vichwa na boksi tu; ya perege yakanitoka mdomoni."

Nilimtazama Babu Abubakari. Namjua mzee yule tangu nabebwa mgongoni, na niliuona utani ukimjia. Ulikuwa mkubwa, utani wa kuishi nao miaka kumi: baharia asiyejua ladha ya kamba. Niliuona ukipanda kooni. Akaumeza, akashushia na maji.

"Bwana Komba," akasema, "wewe ni mtu wa ajabu. Tulikubishia meli, kumbe ni kweli. Tulikubishia wavu, kumbe ni kweli. Jambo moja tu ndilo tuliloliamini wote, na hilo ndilo lililokuwa uongo."

Babu aliinua uso. Kwanza midomo yake ilitetemeka, kisha mabega, na sikujua ni kicheko au ni kingine mpaka kilipotoka. Alicheka hadi akajifuta macho kwa kiganja chenye harufu ya kamba, na macho yakamwasha kwa pilipili, akalia kweli, na bibi akalazimika kuleta maji ya kunawa.

Alipotulia, Babu Abubakari alichagua mkubwa kuliko wote, akammenya, vibaya, akamweka kwenye wali wa mwenzake. "Kula kwanza. Mengine tutayasema umeshiba."

Babu akala. Alitafuna polepole sana, macho kwenye ule mpapai wa jirani. Sisi watatu tulikuwa tunamtazama mdomo.

"Ni watamu," akasema. Akatafuna tena. "Lakini si watamu kiasi cha mtu kufukuzwa kazi."

Bibi alitaka kusema kitu, akaona bora aongeze wali. Tulikula mpaka sinia likabaki mifupa, ingawa kamba hawana mifupa, nasema maganda. Hesabu ya haki ni kwamba bibi alikula kuliko wote, na mpaka leo anakanusha.

Kabla sijaondoka kesho yake, babu aliniuliza yule anayetuletea kamba ni mtu wa wapi, na kama anafahamiana na watu wa Kilwa. Nikampigia Dada Tumwagile. Akanijibu kwamba Kilwa Kivinje kina Ashrafu ni wengi kama nazi, lakini ataulizia kwa wavuvi. Babu Abubakari alikuwa amesimama nyuma yangu, akanong'ona nimwambie ni Ashrafu mcheshi. Dada Tumwagile akasema hiyo haipunguzi idadi.

Tangu hapo tumepata Ashrafu watatu. Wa kwanza alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Wa pili ni fundi cherehani, hajawahi kupanda meli, lakini alizungumza na babu nusu saa na sasa hupiga simu kila Ijumaa kumuuliza hali ya mvua. Wa tatu alisema kaka yake mkubwa aliwahi kufanya kazi meli ya kamba miaka hiyo, jina lao ni moja kwa sababu waliitwa wote kwa jina la babu yao, na huyo kaka yuko kisiwani Songo Songo, mahali ambapo simu inashika ikipenda.

Ile habari Masanze wanaijua yote, maana babu mwenyewe aliieleza pale kwenye benchi, pamoja na sehemu ya kusema sijui lolote. Watu walimsikiliza mpaka mwisho. Siku hizi Babu Abubakari ndiye anayeisimulia zaidi. Anaisimulia kama vile alikuwapo, na anaiharibu. Juzi nilimsikia akiwaambia wateja kwamba kamba waliofichwa kwenye buti walikuwa ishirini, na babu akamsahihisha kwamba buti lenyewe lilikuwa na mguu ndani yake. Dada Yusrah alipita tena kukagua mabwawa, akamkuta babu anawapangia watu zamu za kulisha vifaranga vya perege. Alimwomba amweleze namna ya kuwatambua kamba jike na dume kwa haraka, kwa sababu, alisema, yeye chuoni alifundishwa kwa picha.

Babu na Babu Abubakari waliamua kwenda Kilwa baada ya mavuno, kupitia Dar es Salaam, na Mungu akipenda kuvuka mpaka Songo Songo. Safari ni Alhamisi hii. Bibi amewafungia maandazi ya kutosha kikosi cha jeshi. Nilikwenda kuwaaga, nikamkuta Babu Abubakari anapanga nguo kwenye begi aliloazima, akanivuta pembeni ya karakana ili asisikike. Hajawahi kuiona bahari, na kuna jambo lilikuwa linamsumbua.

"Happiness," akaniuliza, "yale maji yana chumvi yote, mpaka katikati, au ni pembeni tu?"

Babu yangu alikuwa amekaa kwenye benchi, na masikio yake ni mazima. Aliniangalia juu ya kichwa cha rafiki yake, uso mkavu kabisa.

"Mwambie ni pembeni tu," akasema. "Katikati ni ya kunywa. Asibebe maji."